Mafuta ya Mgando, Nazi na Alizeti: Yanavyofanya Kazi Juu ya Ngozi

Mafuta hayana maji ndani yake, kwa hiyo hayawezi kuilowesha ngozi. Ngozi inayolainika na kung'aa baada ya kupakwa mafuta inatumia maji yake yenyewe, yale yaliyopanda kutoka mwilini au yaliyobaki baada ya kuoga. Kazi ya mafuta ni kuyachelewesha maji hayo yasipotelee hewani, na kujaza nyufa ndogo ndogo zinazoifanya ngozi ionekane imepauka. Ndivyo yanavyofanya mafuta ya mgando yatokanayo na petroli, na ndivyo yanavyofanya mafuta ya nazi yaliyokamuliwa Pemba au Mafia. Tofauti kati ya jamii hizi mbili za mafuta zipo, na baadhi yake ni kubwa, lakini si zile zinazotangazwa kwenye lebo za chupa.

Kinachozuia maji ya mwili yasipotee ni tabaka la nje kabisa la ngozi. Tabaka hili lina seli bapa zilizokwisha kufa, zilizopangana safu 15 hadi 20 hivi, na upande wa ndani wa kigasha unene wake wote ni takriban milimita 0.02. Wataalamu hulifananisha na ukuta: seli ni matofali, na udongo unaoyashika ni mafuta ya aina ya pekee ambayo ngozi hujitengenezea. Karibu nusu ya mafuta hayo ni seramidi, robo ni kolesteroli, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni asidi za mafuta. Udongo huo ukipungua kwa sababu ya sabuni kali, baridi kavu ya kipupwe, umri mkubwa au maradhi kama pumu ya ngozi, maji huanza kupotea haraka. Seli za juu hukauka, kingo zake zikajikunja, na mwanga unaozipiga ukatawanyika ovyo. Juu ya ngozi nyeusi mtawanyiko huo huonekana kama vumbi la majivu. Mafuta yoyote yakipakwa hapo hulaza zile kingo na kujaza nafasi zilizo kati yake, na weupe ule hutoweka papo hapo. Ni badiliko la kweli, lakini ni la juu juu, na halionyeshi kwamba ukuta wenyewe umetengenezwa.

Ngozi pia hutoa mafuta mengine kupitia tezi zilizo kwenye vinyweleo. Tezi hizo ni nyingi usoni, kichwani na kifuani, chache miguuni, na viganjani na kwenye nyayo hazipo kabisa. Ndiyo maana visigino hupasuka magaga wakati paji la uso la mtu huyo huyo linang'aa bila kupakwa chochote.

Mafuta ya madini hupatikana kwa kuchemsha na kutenganisha mafuta ghafi ya ardhini. Vitu vyepesi hutoka kwanza: gesi ya kupikia, petroli ya magari, mafuta ya taa, dizeli. Vizito hubaki nyuma, na humo ndimo yanamotoka mafuta ya kupaka baada ya kusafishwa mara nyingi. Yakiwa maji, huwa ndiyo msingi wa mafuta mengi ya watoto, yakiongezwa manukato tu. Yakiwa mazito, huitwa mafuta ya mgando. Molekuli zake ni minyororo ya kaboni na haidrojeni peke yake. Hazina mahali pa kushikwa kwa urahisi na oksijeni wala vimeng'enya vya mwili, na kwa hiyo juu ya ngozi hukaa kama zilivyo mpaka zioshwe, zifutwe na nguo, au seli zilizozibeba zibanduke. Si kwamba ngozi haijui kitu cha namna hiyo. Takriban asilimia 12 ya mafuta yatolewayo na tezi za binadamu ni skwaleni, ambayo nayo ni mnyororo wa kaboni na haidrojeni.

Historia ya mafuta ya mgando inaanzia Titusville, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, ambako kisima cha mafuta cha Edwin Drake kilianza kutoa mwaka 1859. Mkemia kijana, Robert Chesebrough, alikwenda huko mwaka huo huo na kukuta wachimbaji wakisumbuliwa na nta nyeusi iliyoganda kwenye vyuma vya pampu. Nta hiyo ilikuwa kero kwa mitambo, lakini wachimbaji waliipaka kwenye mikato na majeraha ya moto. Chesebrough alichukua sampuli, akatafuta njia ya kuisafisha mpaka ikawa nyeupe na isiyo na harufu, na mwaka 1872 akapata hataza yake Marekani kwa jina la Vaseline. Alikufa mwaka 1933 akiwa na umri wa miaka 96.

Mafuta ya mimea yamejengwa vingine. Kwa kawaida kila molekuli ni gliserini iliyoshikilia asidi tatu za mafuta, na ni asidi hizo zinazotofautisha mafuta ya mmea mmoja na mwingine. Katika nazi, karibu nusu ni asidi lauriki, ambayo ni fupi na haiozi kwa urahisi. Katika zeituni, kinachotawala ni asidi oleiki, kati ya asilimia 55 na 83. Alizeti ya kawaida ina asidi linoleiki nyingi, mara nyingi zaidi ya nusu, ingawa siku hizi zipo mbegu za alizeti zilizozalishwa ili kutoa oleiki badala yake. Ufuta una hizo mbili karibu sawa. Mafuta ya nyonyo ni mazito na yananata kwa sababu karibu asilimia 90 ya asidi zake ni risinoleiki, ambayo ni adimu katika mimea mingine. Kwa hiyo mtu anayesema "mafuta ya mimea ni mazuri kwa ngozi" hajasema mengi, kwa maana nazi na zeituni zinatofautiana kuliko watu wengi wanavyodhani.

Namna mafuta yanavyozuia maji inaweza kuonyeshwa hata katika darasa lisilo na maabara. Viazi mviringo hukatwa vipande vya unene mmoja na kupimwa kwenye mzani mdogo unaosoma gramu na sehemu zake. Kipande kimoja huachwa kitupu, na vingine hupakwa kila kimoja mafuta yake: ya mgando, ya watoto, ya alizeti, ya nazi. Vyote huwekwa kivulini na kupimwa tena kila baada ya saa chache. Kipande kitupu hunywea mapema na uzito wake hushuka upesi. Kilichopakwa mafuta ya mgando kwa ukamilifu hupoteza kidogo kuliko vyote. Mafuta ya maji, yawe ya madini au ya mimea, hukaa katikati, na si rahisi kuyapanga kwa asili yake. Mafuta ya nazi huleta mchezo wake: huganda chini ya nyuzi joto 24 hivi, kwa hiyo asubuhi ya Njombe hushika kipande kama marhamu, na mchana wa Dar es Salaam hutiririka.

Wanaotafiti ngozi ya binadamu hufanya kipimo hicho hicho kwa vyombo bora zaidi. Kipo kifaa kinachowekwa juu ya mkono na kuhesabu mvuke unaotoka katika eneo dogo kwa kila saa. Kipo kingine kinachopima jinsi umeme unavyopita katika tabaka la nje, na kwa hiyo kiasi cha maji kilichomo. Hutumika pia mwanga wa leza unaoweza kutambua molekuli za mafuta bila kuichana ngozi, na kuonyesha zimefika kina gani. Mwaka 2012 watafiti wa Charité, hospitali ya chuo kikuu mjini Berlin, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa namna hiyo kwa mafuta ya jojoba, soya, parachichi na lozi pamoja na ya madini. Mafuta yote yalibaki katika safu za juu za seli zilizokufa. Ya mimea hayakuzama kuliko ya madini, na kwa kuzuia maji, yale ya maji hayakupishana sana. Mafuta ya mgando peke yake yalisimama mbali na mengine, kwa uwezo mkubwa zaidi wa kufunika. Matokeo hayo yanapingana na imani mbili za kila siku: kwamba mafuta ya mimea huingia ndani na kuilisha ngozi, na kwamba ya petroli huelea juu tu bila kugusana nayo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1992 nchini Marekani ulikwisha kuonyesha kwamba mafuta ya mgando hupenya katikati ya seli za tabaka la nje, na kwamba ngozi iliyoondolewa mafuta yake huendelea kujijenga chini yake kama kawaida.

Kiazi, hata hivyo, hakiwezi kuonyesha kinachotokea baada ya wiki kadhaa, na hapo ndipo jamii hizi mbili zinapoachana. Mafuta ya madini hayabadiliki. Ya mimea hukutana na vimeng'enya vya ngozi na vya bakteria waishio juu yake, vikayakata na kuachia gliserini na asidi za mafuta. Gliserini huvuta maji, jambo ambalo ni faida. Asidi zilizoachiwa zina tabia zake, na kila moja hufuata njia yake.

Asidi linoleiki ni kiungo ambacho mwili hauwezi kukitengeneza. Mwaka 1929 George na Mildred Burr wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliwalisha panya chakula kisicho na mafuta kabisa. Ngozi ya panya ikaota magamba, mikia ikaharibika, na wanyama wakawa wanakunywa maji mengi kuliko kawaida kwa sababu yalikuwa yakivujia ngozini. Baadaye ilifahamika kwamba ngozi hutumia linoleiki kuunda aina fulani ya seramidi, ambayo bila hiyo ukuta haushiki maji. Kwa wagonjwa waliopungukiwa asidi hiyo, kupaka mafuta ya alizeti mkononi kulirekebisha ngozi ya mahali hapo. Huu ni mfano wa wazi wa mafuta ya mmea kuchangia ujenzi wa ngozi, kitu ambacho mafuta ya mgando hayawezi kukifanya hata yakipakwa mwaka mzima.

Asidi oleiki nayo huingia kati ya mafuta ya ngozi yaliyojipanga na kuuvuruga mpangilio wake. Watengenezaji wa dawa za kupaka huitumia makusudi ili dawa ipenye. Nchini Uingereza, watu wazima 19 walipaka mafuta ya zeituni vigashani mara mbili kwa siku kwa wiki nne hadi tano, na baadhi yao wakapaka ya alizeti kwenye mkono wa pili. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013, zeituni ilikuwa imedhoofisha ukuta wa ngozi na kuleta wekundu mdogo, hata kwa watu ambao hawakuwahi kuugua pumu ya ngozi. Alizeti iliuacha ukuta salama na kuongeza unyevu. Kwa mafuta yenye heshima kubwa kama zeituni, matokeo hayo yaliwashangaza wengi, na bado hayajawafikia watu wote wanaoyapendekeza kwa watoto wachanga.

Lakini alizeti nayo haikupita mtihani uliofuata bila doa. Mjini Manchester, watoto wachanga 115 waligawanywa katika makundi matatu: zeituni, alizeti, na kutopakwa kitu kwa wiki nne. Makundi yote mawili yaliyopakwa yalikuwa na unyevu zaidi ngozini. Hata hivyo, mpangilio wa mafuta ya asili kati ya seli ulikomaa vizuri zaidi kwa watoto ambao hawakupakwa chochote. Ngozi ya mtoto aliyezaliwa na miezi kamili huwa katika kazi ya kujipanga, na yaelekea hufanya kazi hiyo vyema ikiachwa.

Kwa nazi ushahidi unatoka hasa Ufilipino. Mwaka 2004 madaktari wa huko walichapisha jaribio dogo la watu 34 wenye ngozi kavu, wengine wakitumia mafuta ya nazi na wengine ya madini kwa wiki mbili. Yote yalifanya kazi sawa na hayakuleta madhara. Mwaka 2014 likaja jaribio la watoto 117 wenye pumu ya ngozi isiyo kali sana, kwa wiki nane. Alama za ukali wa ugonjwa zilishuka kwa asilimia 68 kwa waliopakwa nazi, na asilimia 38 kwa waliopakwa mafuta ya madini. Sababu moja inayotajwa ni kwamba asidi lauriki hupunguza bakteria aina ya stafilokoka, ambao hujaa kwenye ngozi yenye maradhi hayo na kuichokoza. Majaribio mawili hayatoshi kuipa nazi taji, lakini yanatosha kumwondolea lawama mzazi wa pwani ambaye amekuwa akiitumia siku zote.

Jaribio lenye uzito kuliko yote lilifanyika Dhaka, Bangladesh, kwa watoto 497 waliozaliwa kabla ya wiki ya 33 ya mimba. Ngozi ya watoto kama hao haijakamilika, na vijidudu hupenya na kuingia katika damu. Kundi moja lilikandwa mafuta ya alizeti, la pili marhamu ya Aquaphor ambayo msingi wake ni mafuta ya mgando, na la tatu halikupakwa kitu. Ripoti ya mwaka 2005 ilionyesha kwamba waliopakwa alizeti walipata maambukizi ya hospitalini pungufu kwa asilimia 41. Ripoti ya mwaka 2008 ilihesabu vifo: vilipungua kwa asilimia 26 kwa alizeti na asilimia 32 kwa marhamu. Petroli na mmea, kila kimoja kwa njia yake, viliokoa watoto. Majaribio mengine ya nchi mbalimbali hayakutoa faida kubwa kiasi hicho, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema kwa tahadhari kwamba kuwapaka mafuta watoto njiti na wenye uzito mdogo ni jambo linaloweza kufikiriwa. Kwa watoto wa miezi kamili, tumaini kwamba kuwapaka kila siku kutawakinga na pumu ya ngozi lilivunjika mwaka 2020, baada ya utafiti wa Uingereza uliofuatilia watoto 1,394 kukuta hakuna tofauti.

Uhai wa mafuta ya mimea una gharama zake. Kwanza, huoza. Oksijeni na mwanga huzishambulia asidi zake, linoleiki ikiwa ya kwanza, na mazao ya kuoza huko huichokoza ngozi. Mafuta ya alizeti yenye harufu ya rangi ya zamani yamekwisha muda wake, hata kama tarehe ya kwenye chupa bado. Pili, huliwa. Juu ya ngozi ya kila binadamu huishi hamira aina ya Malassezia, ambayo huhusika na mba na aina fulani ya mabaka ya rangi hafifu kifuani na mgongoni. Hamira hiyo haiwezi kujitengenezea asidi za mafuta, huzitegemea za ngozi, na mafuta mengi ya mimea huiongezea chakula. Mafuta ya madini haiwezi kuyala. Kwa hiyo mwenye mba anayejimiminia mafuta ya zeituni kichwani ili kutibu ukavu, huenda anaulisha ugonjwa wenyewe. Tatu, mafuta yaliyokamuliwa bila kusafishwa hubaki na mabaki ya protini za mmea. Utafiti wa watoto wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2003 ulihusisha mzio wa karanga na matumizi ya krimu zenye mafuta ya karanga kwenye ngozi yenye vipele. Mafuta ya mgando yaliyosafishwa vizuri ni miongoni mwa vitu vinavyoleta mzio kwa nadra sana. Hospitali huyatumia juu ya vidonda vidogo vya upasuaji, na jaribio la mwaka 1996 nchini Marekani, lenye wagonjwa 922, lilikuta hayakuzidiwa kwa maana yoyote na marhamu ya antibiotiki katika kuzuia maambukizi.

Lawama kubwa juu ya mafuta ya madini ni tatu: kwamba huiziba ngozi isipumue, huleta chunusi, na husababisha saratani. Ya kwanza haina msingi, kwa sababu mtu hapumui kwa ngozi, na hata mafuta ya mgando hupitisha mvuke kidogo. Ya pili ilitokana kwa sehemu kubwa na majaribio kwenye masikio ya sungura, ambayo huota vipele upesi kuliko uso wa mtu. Mafuta ya madini ya daraja la vipodozi hayajaonekana kuziba vinyweleo vya binadamu, wakati nazi hupewa alama mbaya katika majaribio hayo hayo ya sungura. Hata hivyo mchanganyiko wa mafuta mazito kichwani una rekodi yake. Mwaka 1970 madaktari wa Marekani walieleza chunusi zinazojipanga kwenye mstari wa nywele za mbele kwa Wamarekani weusi waliotumia pomedi, na chunusi hizo huonekana hadi leo. Kwenye joto la unyevu la pwani, tabaka nene la mafuta yoyote huweza pia kuzidisha harara.

Lawama ya saratani ina historia nzito. Katika viwanda vya pamba vya Lancashire, Uingereza, wafanyakazi wa mashine za kusokota nyuzi waliinama siku nzima mbele ya vyuma vilivyorusha mafuta ya kulainishia. Mafuta yalipenya nguo zao za mbele, na mwaka 1922 madaktari wa Manchester waliripoti wingi wa saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani miongoni mwao. Kilichohusika ni kemikali zenye pete kadhaa za kaboni zilizomo katika mafuta yasiyosafishwa. Ndizo zinazoondolewa wakati wa kutengeneza mafuta ya dawa na vipodozi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeyaweka mafuta ya madini yasiyosafishwa, au yaliyosafishwa kidogo, katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Yaliyosafishwa sana hayamo katika kundi hilo. Umoja wa Ulaya huruhusu mafuta ya mgando katika vipodozi pale tu historia nzima ya usafishaji wake inapojulikana. Kwa mnunuzi wa kawaida, hoja ya maana ni kama kopo lina jina la mtengenezaji na daraja la dawa, kama vile herufi BP, na si kama petroli ni chafu kwa asili yake.

Asili, kwa kweli, haitabiri lolote. Mafuta ya taa hutoka katika pipa moja na mafuta ya mgando, lakini minyororo yake mifupi huyeyusha mafuta ya ngozi na kuiacha imekauka, nyekundu na yenye kuwasha, jambo ambalo mafundi gereji wanaonawia mafuta hayo wanalijua mikononi mwao. Na mmea uleule unaotoa korosho tamu una, ndani ya ganda, mafuta meusi yanayobabua. Wabanguaji wa mikono katika mikoa ya Mtwara na Lindi hujikinga kwa majivu au kwa kujipaka mafuta mengine kabla ya kazi, na wasiofanya hivyo huota malengelenge vidoleni. Hayo nayo ni mafuta ya mimea, ya asili kabisa, yasiyopita kiwandani.

Kuna jambo moja ambalo jamii zote mbili hazifanyi, nalo ni kuzuia jua. Baadhi ya mafuta ya mimea yamepewa namba ndogo za kinga katika vipimo vya maabara, lakini juu ya ngozi inayotoka jasho namba hizo hazina msaada. Kwa watu wenye ualbino, ambao saratani ya ngozi huwaandama mapema, kuamini mafuta ya nazi au ya mgando ni hatari. Losheni ya Kilisun, inayotengenezwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi kwa ajili yao, ina vichujio vya mionzi ambavyo mafuta matupu hayana.

Katika matumizi, wakati una uzito kuliko chapa. Mafuta hufanya kazi zaidi yakipakwa ndani ya dakika chache baada ya kuoga, ngozi ikiwa imefutwa tu na bado ina unyevu, kwa sababu hapo kuna maji ya kufunika. Juu ya ngozi iliyokwisha kukauka kabisa, mafuta hayohayo huleta mng'ao na si zaidi. Gliserini ikitangulia na mafuta ya mgando yakafuata, moja huvuta maji na jingine huyazuia. Kwa magaga, ambapo nyayo hazina tezi za mafuta na tabaka la nje ni nene, mafuta ya mgando hupakwa usiku baada ya kuloweka miguu, kisha soksi. Usoni kwa mwenye chunusi, mafuta mepesi au yasiwepo kabisa.

Jeraha la moto lililotokea sasa hivi halipakwi mafuta ya aina yoyote. Hupozwa kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, na marhamu huja baadaye. Mtoto hatiwi matone ya mafuta puani, kwa sababu yakishuka kwenye mapafu huleta nimonia isiyosikia dawa za kawaida. Nguo na shuka zilizolowa mafuta ya kupaka, hata baada ya kufuliwa, hushika moto upesi kuliko nyingine, na huwekwa mbali na jiko na mshumaa. Mafuta ya madini na ya mimea yote hudhoofisha mpira wa kondomu na wa glavu za hospitali katika muda wa dakika chache, kwa hiyo palipo na mpira hutumika kilainishi chenye msingi wa maji.